Tonado imepita na nyumba na bima wamekuletea cheki ya kwanza: usiishie hapo

BintiTanga_KY:
Wakuu habari zenu. Tangu tonado ya St. Louis ya tarehe 16 Mei 2025 napigiwa simu karibu kila siku na watu wetu wa kule, na wale wa London na Somerset huku Kentucky waliopigwa usiku wa siku hiyohiyo, wote swali ni moja: bima wamekuja, wameandika hela ndogo, tufanyeje? Nimeona niandike hapa mara moja kila mtu asome, maana mimi yalinikuta Bowling Green, hapa hapa Kentucky, usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 na nilikosea mambo mengi ambayo nyie hamna haja ya kuyakosea.

Nyumba yetu haikung'oka yote kama za majirani mtaa wa nyuma. Paa la upande wa sebule liliondoka, gereji ikalala, madirisha yote ya mbele yakapasuka na mvua ikaingia mpaka asubuhi. Sisi tulikuwa klozeti ya katikati, watu watano na godoro juu ya vichwa, saa saba na kitu usiku. Tulipotoka umeme hakuna, tochi ya simu tu, na kitu cha kwanza nilichoona ni ile pamba ya pinki ya ndani ya dari imeganda kwenye mapazia, kwenye sufuria, kwenye picha za ukutani, hadi kwenye mswaki wa mtoto bafuni. Watu 17 walikufa Warren County, kaunti yetu, kwa tonado ile. Kwa hiyo mtu akiniambia "shukuru Mungu mko hai" namwelewa kabisa, nashukuru, lakini kushukuru hakuzuii kudai haki yako uliyoilipia kila mwezi miaka sita.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza. Nilipiga simu bima asubuhi ileile, hapo nilifanya vizuri. Kiingereza nakijua, nafanya kazi na Wamarekani kila siku, lakini siku ile kilinitoka chote kichwani, natetemeka, nikaomba mkalimani wa Kiswahili na wakanipa (wanao kwa simu, bure, ombeni tu msione haya). Nikamwambia mkalimani "paa limeng'oka, maji yamejaa ndani." Yeye akatafsiri kwamba nyumba imepata mafuriko. Nililisikia lile neno la Kiingereza na likanipita tu, nikaona si yaleyale, maji ni maji. Wiki ya tatu inakuja barua: sakafu, mazulia, na jipsamu ya chini ya kuta hatulipi, mkataba wako haubebi mafuriko.

Jamani hapa muelewe vizuri. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani inabeba upepo, na tonado inahesabiwa ni upepo. Mafuriko haibebi, hayo yana bima yake ya peke yake ambayo wengi wanaipata kupitia mpango wa serikali. Na maji ya mvua ya ndani yanalipwa kama upepo NDIO ulitoboa nyumba kwanza, ukang'oa paa au ukavunja dirisha, halafu mvua ikapitia hapo. Kwa hiyo ukiongea nao ongea kwa mpangilio huo huo: upepo uling'oa paa, mvua ikaingia kupitia paa lililong'oka. Usiseme maji yamejaa wala maji yaliingia ukaishia hapo. Mimi kurekebisha hilo neno moja kulinichukua wiki tano, barua tatu, na picha ya dari ilivyo wazi na maji yanavyotiririka ukutani kutoka JUU. Bahati mume wangu aliipiga ile picha saa tisa usiku, mimi hata nilimgombeza kwamba tunatafuta viatu vya watoto yeye anapiga picha.

Haya, cheki ya kwanza. Adjasta, yaani mtu wa bima anayekuja kukadiria hasara, alikuja siku ya tisa, kijana mpole, si mwajiriwa wa kampuni, ni wale wanaokodiwa wakati wa majanga, alikuwa na nyumba nyingine sita za kuona siku hiyo. Akapanda ngazi, akapiga picha, akapima vyumba kwa kile kipimo cha leza, dakika 40 amemaliza. Gereji hakuingia kwa sababu ilikuwa imelala. Dari la juu hakuingia. Makadirio yakaja hivi: kujenga upya kilichoharibika dola 61,300. Wakatoa uchakavu 17,900. Wakatoa na didaktibo 4,800. Cheki 38,600.

Fundi wa kwanza aliyeiona nyumba alisema 94,000. Nikakaa kwenye gari nikalia. Nilidhani ndio mwisho, kwamba nikiiweka ile cheki benki nimekubali yaishe. SIYO. Kuchukua cheki ya kwanza hakufungi madai, isipokuwa umesaini karatasi inayosema ndio malipo ya mwisho na unaachilia madai yote. Someni kila karatasi inayokuja na cheki, na nyuma ya cheki yenyewe.

Hizo hesabu tatu zina maana gani:

Didaktibo ni kile unachobeba mwenyewe kabla wao hawajaanza. Wengi tunajua yetu ni 1,000 kwa sababu ndio tuliambiwa siku ya kununua. Ila angalia ukurasa wa mbele wa mkataba, kwa upepo na mvua ya mawe mara nyingi iko peke yake na ni asilimia, na ni asilimia ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima, wala sio ya hasara. Yangu asilimia 2 ya 240,000, ndio hiyo 4,800. Sikujua mpaka siku ile.

Uchakavu ndio watu wanapoteza hela hapa. Kama mkataba wako ni wa kulipa bei ya kitu kipya, ile 17,900 hawajakunyima, wameishikilia. Ukishatengeneza na kuonyesha risiti wanakurudishia. Ila kuna muda, umeandikwa kwenye mkataba, kuna wa siku 180 za kutoa taarifa, kuna wa mwaka, kuna wa miaka miwili. Nina jirani alipata cheki ya kwanza, akatengeneza kidogo kidogo kwa hela yake, hakupeleka risiti hata moja, muda ukapita, dola 11,000 zikabaki huko huko. Na kama mkataba wako ni wa thamani ya sasa tu, uchakavu umeenda haurudi, na siku hizi kampuni nyingi zinabadilisha PAA peke yake kuwa hivyo wakati nyumba nyingine yote ni bei mpya, inakuja kwenye barua ya kurenew na hakuna anayeisoma.

Nitaendelea kuhusu vitu vya ndani, naenda kazini.

KimanzaSTL:
Niaje dada, asante sana kwa hii. Mimi ndio hao wa St. Louis unaosema. North side, nyumba ya matofali ya zamani sana, mti wa jirani uliangukia paa na ukuta wa nyuma wa ghorofa ya juu umetoka wote, unaona kitanda ukiwa nje kwa alley. Saa tisa kasoro mchana ile, na king'ora hakikulia kabisa. Sasa bima wameandika ukuta "repea ya matofali" dola elfu tisa. Fundi mwenye anajua hizi nyumba ananiambia hayo matofali hayatengenezwi tena, unatafuta yale ya kutoka kwa nyumba zilizobomolewa, na ukuta ni wa safu tatu si moja. Elfu tisa hata scaffold haitoshi. Sijui nianzie wapi. Na mti ni wa jirani, bima yake si ndio inafaa kulipa?

Mzee_wa_Makorora:
Pole sana bwana Kimanza, poleni wote. Dada BintiTanga hongera kwa kuandika, ulipotea jukwaani muda mrefu kumbe ulikuwa na makubwa.

BintiTanga_KY:
@KimanzaSTL pole sana kaka yangu. Mti: hapana, bima yako ndio inalipa. Tonado haina mwenyewe, jirani hana kosa labda kama mti ulikuwa umeoza na ulishamwandikia barua aukate akakaa kimya. Na kwa sababu umeangukia nyumba, kuuondoa nao unalipwa ndani ya madai. Mti ulioangukia nyasi tu ndio mara nyingi hawalipi au wanatoa dola 500 hivi.

Ukuta: usibishane nao kwa mdomo kwamba elfu tisa ni ndogo. Waambie wakupe makadirio YOTE, ule mchanganuo mstari kwa mstari, si ukurasa wa jumla. Wanatumia programu ambayo kila kitu ni mstari wake, tofali futi ngapi za mraba, kupaka rangi futi ngapi, kuzoa kifusi, kila kitu. Halafu mpe huyo fundi wako aandike yake kwa mistari hiyo hiyo. Hapo utaona wamekosea wapi. Nakuhakikishia utakuta wameandika safu moja ya tofali badala ya tatu, scaffold haipo, kibali cha city hakipo, mlango wa kuingilia besimenti haupo. Unatuma, unasema hiki mmesahau, hiki kipimo si sahihi, picha hii hapa, rudini muone. Inaitwa nyongeza, na wamezoea, hawashangai.

Mimi adjasta wa pili alikuja Februari, huyu mama wa makamo, yeye aliingia darini na tochi, akaita "njoo uone", akanionyesha mbao za kenchi zimepasuka kwa urefu na misumari imetoka robo inchi. Yule wa kwanza aliandika "mbao nzima". Tulikuwa tunalala chini ya hizo mbao!! Makadirio yakapanda mpaka 88,700. Kampuni ileile, mkataba uleule, nyumba ileile.

Na nyumba za zamani angalieni kifungu cha sheria za ujenzi kwenye mkataba. City wakikwambia huwezi kurudisha waya za zamani, lazima mpya, ile tofauti hulipwi mpaka uwe na hicho kifungu. Wengine kipo asilimia 10 ya bima ya nyumba na hawajui.

mwana_wa_Uvira:
Dada mungu akubariki. Miye pia nilikuwa Bowling Green ile usiku, tulikuwa mu apartema, famili ya batu saba. Proprio (mwenye nyumba) akatuambia bima yake iko ya jengo tu, bintu byetu habiko mu bima yake. Hatukujua ile kintu. Bitanda, TV, manguo ya batoto, mashini ya kushona ya mama, byote byaliisha, hatukulipwa kitu na bima. FEMA, bale ba serikali ba kusaidia batu mu majanga, ndio balitusaidia kidogo, na kanisa. Sasa niko nalipa ile bima ya mpangaji, dola 16 kwa mwezi. Nasemaka na bale banafika bapya kila siku kwa kanisa, mufanye ile kintu mbele ya kununua TV.

BintiTanga_KY:
@mwana_wa_Uvira ndugu yangu umesema kitu kikubwa sana. Wapangaji wengi wetu hawajui kabisa. Na hiyo ya mpangaji inalipia pia mahali pa kukaa kama apartment haikaliki.

Sasa vitu vya ndani. Bima ya vitu (kwangu ilikuwa nusu ya bima ya nyumba, yaani mpaka 120,000) hawakupi tu. Unaandika orodha ya kila kitu, ulinunua lini, wapi, bei gani, na leo ni bei gani. KILA kitu. Kwa kichwa tu niliandika kurasa mbili: sofa, TV, friji, vitanda. Adjasta wa vitu akaniuliza kwa upole, "unaweza kuonyesha kwamba ulikuwa navyo?" Risiti zilikuwa kwenye droo, na droo sijui ilifika kaunti gani.

Aliyeniokoa ni mama yangu Tanga. Idd ya Mei 2021 nilimpiga video ya WhatsApp, dakika nne, natembea na simu namwonyesha nyumba ilivyopambwa: sebule, makochi, kabati la vyombo, jikoni sufuria la biriani, nikaenda mpaka chumbani kumwonyesha kanga alizonitumia nimezipanga. Simu yangu niliifuta zamani kwa ajili ya nafasi. Mama hafuti kitu, simu yake imejaa mpaka haipokei meseji, akanirudishia ile video. Tukakaa na mume wangu kwenye moteli, usiku, tunaisimamisha kila sekunde mbili. Feni ya kusimama ile pale. Cherehani ile kwenye kona. Pazia jozi sita. Sahani za udongo, hesabu, kumi na nane. Blenda. Jagi la umeme. Zulia la mswala. Kurasa mbili zikawa kumi na tisa. Kwa hiyo waulizeni mama zenu, dada zenu, magroup ya familia, picha za birthday na komunyo, angalia nyuma ya mtoto anayekata keki kuna nini.

Na msisahau vidogo. Droo moja ya jikoni, vijiko, visu, kopo la viungo, foili, betri, vikombe vya kupimia, ukijumlisha ni dola 300 na zaidi. Kabati la dawa. Nguo za baridi za watu watano. Hapo ndio hela iko, kwenye vitu ambavyo mtu anaona aibu kuviandika. Usione aibu, ulivinunua kwa jasho lako.

NesiWaUsiku:
Dada swali. Sisi tuko kwa shemeji tangu siku ile, watu wanne kwenye sitting room yake. Bima wanasema kuna hela ya hoteli ila mume wangu anasema tusiichukue itapunguza ile ya kujengea. Ni kweli?

BintiTanga_KY:
@NesiWaUsiku mwambie mumeo hapana, ni fungu tofauti kabisa. Kuna fungu la nyumba, fungu la vibanda na uzio, fungu la vitu, na fungu la kuishi nje wakati nyumba haikaliki. Hili la mwisho linalipa kile KILICHOZIDI matumizi yenu ya kawaida. Mfano chakula mlikuwa mnatumia 700 kwa mwezi, sasa hamna jiko mnatumia 1,300, wanalipa 600. Kodi ya nyumba ya kupanga wanalipa, kufua nguo nje, mafuta ya gari kwa umbali ulioongezeka wa shule. Mogeji yako (mkopo wa nyumba) unaendelea kulipa wewe kama kawaida. Risiti zote piga picha siku hiyo hiyo, zile za karatasi zinafutika wino. Tokeni kwa shemeji kwa heri kabla hamjagombana, muda wenu wa kujenga ni miezi sio wiki. Sisi tulikaa nje miezi kumi na moja.

KimanzaSTL:
Na hawa watu wa paa? Leo pekee wamekuja wanne mlangoni. Mmoja anasema nisaini tu kwa tablet yake ndio "akague" na atashughulika na bima yeye mwenyewe, na didaktibo atanibebea. Alikuwa mkarimu kweli, amenisaidia hata kubeba mbao.

fundi_Juma_Nashville:
Kimanza usisaini hiyo tablet!! Mimi nafanya paa Tennessee mwaka wa kumi na moja sasa na nimeona Nashville Machi 2020 ilivyokuwa, magari ya namba za majimbo ya mbali yamejaa kabla hata umeme haujarudi. Hiyo "ruhusa ya kukagua" mara nyingi ndani ni mkataba kamili, au inahamisha haki yako ya malipo inakwenda kwake, yaani bima wanamlipa yeye wewe unabaki mtazamaji. Na anayekwambia atakubebea didaktibo anakuingiza kwenye udanganyifu, majimbo mengi ni kosa kisheria, maana ili airudishe lazima amwandikie bima bei ya uongo au akuwekee paa la hovyo. Uliza leseni, uliza bima yake mwenyewe, uliza nyumba tatu alizotengeneza mwaka juzi si za wiki iliyopita, na usitoe hela yote mwanzo. Fundi wa kweli hakasiriki ukimwambia nasoma kwanza kesho nitakupigia.

Turubai ndio weka leo leo. Mkataba unakutaka uzuie hasara isiongezeke, mvua ikinyesha tena ndani na hukufunika watasema hiyo ni yako. Weka risiti ya turubai na ya vibarua, inalipwa. Ila kabla hujafunika PIGA PICHA, na vitu vilivyoharibika usivitupe mpaka adjasta avione, kata hata kipande cha zulia uweke kwenye mfuko.

Chausiku_Mbezi:
Nasoma huku Dar nashangaa tu, sisi huku nani ana bima ya nyumba jamani. Kimbunga Hidaya kilivyopita Mafia Mei 2024 watu mabati yaliruka wakaokota wakapiga misumari upya.

afisa_bima_mstaafu:
Chausiku zipo, ila wengi wanazo bila kujua kwa sababu benki ilikata walipokopa. Hiyo ni bima ya moto, na dhoruba inaongezwa kama nyongeza, uliza kama yako imeongezwa. Kitu cha kuangalia huku kwetu ni thamani. Nyumba ya milioni 100 ukaikatia bima ya milioni 50 ili ada iwe ndogo, ukipata hasara ya milioni 20 watakulipa 10, kwa sababu nusu nyingine unahesabiwa umejibebea mwenyewe. Nimewaona watu wazima wakilia ofisini kwa hilo. Mkishindwana na kampuni kuna TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huna haja ya kukimbilia mahakamani kwanza. Tuwaache wenzetu waendelee.

NesiWaUsiku:
Dada samahani narudi tena. Cheki imekuja leo, nimefurahi nimeenda nayo benki wamekataa. Ina jina langu, la mume wangu na la kampuni ya mogeji!

BintiTanga_KY:
Ndio, hiyo ni kawaida na inaumiza, nilitakiwa niseme mwanzo. Nyumba ina mkopo kwa hiyo mkopeshaji anaandikwa kwenye cheki ya nyumba, na hamwezi kuitoa bila yeye kusaini. Cheki ya vitu na ya kuishi nje haitakiwi kuwa na jina lake, ikiwa nalo rudisha waandike nyingine. Piga simu kampuni ya mogeji, omba idara inayoshughulika na cheki za bima, watakutumia fomu: mkataba wa fundi, leseni yake, makadirio. Kwetu walitoa theluthi mwanzo, theluthi kazi ilipofika nusu na mkaguzi wao akaja kuangalia, theluthi mwisho. Fundi mwambie hivyo KABLA ya kusaini naye ili asije akasimamisha kazi anasema hajalipwa. Tuma kwa njia yenye tracking, yetu ya kwanza ilipotea wiki tatu kwenye posta.

KimanzaSTL:
Na FEMA je? Sisi tulingoja mpaka tarehe 9 Juni ndio tamko la janga la kuruhusu msaada wao likasainiwa. Nime-apply wakaniandikia sijastahili. Nimeacha.

BintiTanga_KY:
Usiache! Soma ile barua mpaka chini. Ukiwa na bima karibu kila mtu anapata hiyo barua ya kwanza kwa sababu hawaruhusiwi kulipa kitu ambacho bima inalipa. Wanangoja uwatumie barua ya bima inayoonyesha wamelipa nini na wamekataa nini. Una siku 60 za kukata rufaa toka tarehe ya barua. Ile barua ya bima ya kukukataa, inayokuuma moyo, ndiyo hiyo hiyo inayofungua mlango wa FEMA, itunze. Nao wana wakalimani wa Kiswahili. Kuna na mikopo ya SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, ya riba nafuu kwa wenye nyumba, hata kama si mfanyabiashara, jina linawachanganya watu.

mwana_wa_Uvira:
Ni kweli, miye nilipataka ile barua ya "hapana" mara mbili, ya tatu ndio balilipa. Mu kanisa kulikuwa mama moja anasoma na anaandika ya kila mutu, alikuwa analala saa nane ya usiku.

KimanzaSTL:
Sawa. Na wakikataa hata na mistari yote ya fundi? Kuna jamaa amesema anachukua asilimia 15 apigane na bima kwa niaba yangu.

BintiTanga_KY:
Huyo ni adjasta wa upande wa mteja, wapo halali, wana leseni ya jimbo na unaweza kuiangalia. Wengine wana faida kweli hasara ikiwa kubwa. Ila asilimia 15 ya kila kitu, pamoja na kile ambacho bima walishakubali kukulipa, ni hela ya kujengea inaondoka. Ukimchukua, mwambie asilimia yake iwe juu ya kile ATAKACHOONGEZA, na jumla iandikwe. Mimi sikumtumia. Nilienda hatua hizi kwa maandishi: nyongeza ya fundi, kuomba adjasta mwingine, kumwandikia msimamizi wake, halafu malalamiko kwa idara ya bima ya jimbo, ni bure na ni mtandaoni. Huku Kentucky sheria inawapa siku 30 kulipa wakishapata taarifa na ushahidi wa madai, wakichelewesha bila sababu ya msingi wanadaiwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Nilivyoandika kile kifungu kwenye imeili, siku ya nne simu ikalia. Kwenu Missouri tazama idara yao inasemaje. Na mkataba wako ukiwa na kipengele cha tathmini, kila upande unaleta mthamini wake na wao wawili wanachagua wa kati, hiyo ni kwa mkigombana kuhusu BEI, sio kuhusu kama inalipwa au hailipwi.

Na kila simu andika kwenye daftari: tarehe, saa, jina, alisema nini. Ukikata simu tuma imeili, "kama tulivyoongea leo saa nne, umesema adjasta atarudi wiki ijayo." Daftari langu ni lile la mwanangu wa darasa la pili, mbele kuna jedwali la kuzidisha, nyuma kuna majina ya watu 23 wa kampuni moja.

fundi_Juma_Nashville:
Kimanza siku adjasta akirudi fundi wako AWEPO. Hilo peke yake linabadilisha nusu ya makadirio, wanaongea lugha moja.

KimanzaSTL:
Nimewaandikia jana usiku kwa imeili na picha 61, nikaandika vile dada amesema, upepo uliangusha mti na ukabomoa ukuta, mvua ikaingia kupitia ukuta uliobomoka. Leo asubuhi wamejibu, adjasta mwingine anakuja Alhamisi saa tatu. Nimeongea na mzee wa matofali, atakuwa hapa saa mbili na nusu na ngazi yake.

BintiTanga_KY:
Alhamdulillah. Mwambie apande juu na adjasta, wasiishie kuangalia kutoka chini, na mhesabu zile safu tatu za tofali pamoja mbele ya kamera. Jioni utuambie.